Ngao ya kutoonekana na lenzi nne: kipi kinastahili hela yako Arusha na Moshi

Ngao ya kutoonekana inayouzwa mtandaoni ni bamba la plastiki angavu, mara nyingi polikabonati, lenye matuta membamba yaliyopangwa sambamba upande mmoja. Haina betri, kamera wala waya. Ikisimamishwa kwenye nyasi na mtu akachuchumaa nyuma yake, anayetazama kutoka mbali anaona nyasi zenye ukungu kidogo, mtu hamwoni. Huku kwetu inawafaa au kuwavutia walimu wa fizikia, wapiga picha za wanyama na ndege, na vijana wa video fupi. Darasani ni nzuri. Kwenye video ni nzuri. Kwa mpiga picha wa wanyama ni hela iliyokwenda bure, na sababu zake ni za kifizikia, hazitibiki kwa kuagiza ya bei kubwa zaidi. Mwalimu mwenye bajeti ya kitu kimoja tu aache ngao, atafute lenzi nne za kuficha kitu zinazoelezwa huko chini.

Tuanze na kitambaa, maana ndicho kinacholiza watu. Zile video za shuka ambalo mtu akijifunika anapotea hutengenezwa kwa programu: shuka ni la rangi moja, kwa kawaida kijani, na kompyuta inaweka picha ya mandhari kila inapoikuta rangi hiyo. Hakuna kitambaa kinachouzwa popote duniani kinachomficha mtu mbele ya macho hivyo. Anayekitangaza kwa bei yoyote anakuuzia shuka la kijani.

Ngao ya matuta ni kitu kingine, inafanya kazi kweli. Matuta yake husimama wima. Kila tuta ni lenzi ndefu na nyembamba inayotawanya mwanga kushoto na kulia, huku juu na chini ikiuacha ulivyo. Mtu aliye nyuma ya bamba ni umbo jembamba la wima. Mwanga wake ukitandazwa kulia na kushoto unakuwa hafifu. Mandhari ni pana, kwa hiyo mwanga wake hata ukichanganywa kushoto kwa kulia bado unafanana na mandhari. Ngao inakufuta kwa kukutawanya. Ukiliweka bamba matuta yakalala, kila kitu kinavurugika: anga, nyasi na ardhi vinachanganyika kuwa rangi moja, nawe unaonekana kama nguzo yenye ukungu.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni pembe ya kutawanya, yaani matuta yanautandaza mwanga nyuzi ngapi kushoto kwa kulia, na ndicho wanunuzi wengi hawakiulizi. Wauzaji hupenda kutaja idadi ya matuta kwa inchi. Gawanya 25.4 kwa namba hiyo upate upana wa tuta kwa milimita: matuta 20 ni milimita 1.27, matuta 40 ni milimita 0.635. Namba hiyo inakueleza ulaini wa picha tu. Pembe ndiyo inayoamua kama utapotea. Chukua umbali ulio nyuma ya bamba, zidisha kwa 2, kisha zidisha kwa tanjenti ya nusu ya pembe. Jibu ni upana wa ukanda unaochanganywa katika kila nukta ya bamba. Bamba la nyuzi 50 na wewe uko sentimita 50 nyuma yake: ukanda ni sentimita 47. Mtu aliyekaa kiubavu ana upana wa karibu sentimita 30, kwa hiyo theluthi mbili za mwanga unaofika katikati ya bamba ni wako wewe. Hujajificha. Rudi nyuma mpaka mita 1, ukanda unakuwa sentimita 93 na fungu lako linashuka hadi theluthi. Bamba la nyuzi 90 linakupa ukanda wa mita 1 ukiwa sentimita 50 tu. Mabamba yaliyotengenezwa kwa picha za 3D yana pembe nyembamba, na mara nyingi ndiyo yanayouzwa kwa bei ndogo. Usiyachukue kwa kazi hii.

Mbona basi usirudi nyuma mita 2 ukapotea kabisa? Kwa sababu ya kingo. Bamba la upana wa sentimita 60 na mtu wa sentimita 30 linabakiza sentimita 15 kila upande. Ukiwa sentimita 50 nyuma yake, mtazamaji akisogea kando nyuzi 17 tayari ameliona bega lako nje ya bamba. Ukiwa mita 1, anahitaji nyuzi 8 na nusu tu, yaani hatua mbili tatu pembeni akiwa mita 15 kutoka ulipo. Bamba la upana wa mita 1 linakupa nyuzi 35 kwa sentimita 50 na nyuzi 19 kwa mita 1. Hapo ndipo tunapoona ngao ndogo za mezani, zile za ukubwa wa karatasi, zinafaa kuficha kopo au mwanasesere na si zaidi. Kwa mtu mzima aliyechuchumaa, chini ya mita 1 za upana usihangaike.

Nguo nazo zina kazi yake. Theluthi ya mwanga wa nguo nyeusi mbele ya nyasi kavu za kiangazi ni kivuli kinachoonekana waziwazi. Theluthi ileile ya kaki inamezwa. Kwa onyesho la shule, mvalishe mwanafunzi rangi iliyo karibu na ya nyuma yake, na umtenge mbali na kitu chochote cheupe au kinachong'aa.

Halafu mandhari yenyewe. Ngao inapenda vitu vilivyolala: upeo wa macho, mstari wa lami, ukuta mrefu wa rangi moja, ua wa michongoma uliokatwa vizuri, uwanda wa nyasi wa Kisongo au Monduli. Inachukia vitu vilivyosimama. Ukiiweka ndani ya kihamba Moshi, kati ya migomba na mibuni, kila shina linafutwa, na mahali pa ngao panabaki dirisha la ukungu wa kijani katikati ya mashina yanayoonekana vizuri. Mtu haonekani, ila kila mtu anajua kuna kitu pale. Vivyo hivyo kwenye barabara za Arusha zenye mijakaranda, au mbele ya Mnara wa Saa. Na kama kushoto kuna ukuta mweupe na kulia kuna giza la miti, bamba litaonyesha rangi ya kati isiyofanana na upande wowote.

Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, likapiga kwenye matuta, unatokea mstari mkali wa mwanga unaovuka bamba lote kutoka kushoto hadi kulia. Hakuna dawa ila kugeuza ngao au kusubiri. Mwanga mzuri ni wa mawingu, ule wa Juni na Julai pale Meru inapojifunika siku nzima.

Sasa mpiga picha. Mwanga hupita bamba kwa njia ileile kwenda na kurudi. Kinachomfuta mtu kwa anayetazama kutoka nje kinawafuta pia tembo na korongo kwa aliye ndani: lenzi ya kamera ikitazama kupitia bamba haioni umbo, inaona mistari ya rangi. Ukitoboa tundu la lenzi ya kamera, tundu linaonekana. Ukichungulia pembeni, umeonekana. Isitoshe, tembo na nyati wanamtambua mtu kwa harufu kabla ya macho, na ndege wanashtuliwa na mwendo. Kwa njia ya kuzunguka Ziwa Duluti, au kwenye shamba lako mwenyewe, hema dogo la kujifichia lenye tundu la kamera, likiwekwa upande upepo unakoelekea, linaipita ngao ya bei yoyote. Ndani ya Serengeti na Ngorongoro hushuki kwenye gari hovyo, kwa hiyo hata pa kuisimamisha huna. Na mtu asidhani ngao inamkinga na kamera za joto: polikabonati haipitishi mionzi ya joto ambayo kamera hizo zinaiona, kwa hiyo kinachotokea kwenye kioo chao ni bamba lenyewe, la moto au la baridi, lenye pembe nne kamili katikati ya nyasi. Hakuna alama rahisi kuitambua kuliko hiyo.

Matunzo yanaamua itadumu mwaka au mwezi. Vumbi la huku lina chembe ngumu za asili ya volkeno, na plastiki ni laini. Usifute kikavu hata mara moja. Mwaga maji kwanza, kisha sabuni ya maji kidogo na kitambaa laini, ukifuata urefu wa matuta, kamwe usiyakate. Petroli, thina na asetoni zinapasua polikabonati nyufa ndogo ndogo zisizofutika. Usiliache kwenye gari lililofungwa juani likiwa limeegemea kitu. Likishapinda, matuta hayako wima tena na picha inaenda upogo. Kwa fremu, fundi wa alumini anayetengeneza madirisha anaweza kukukatia mfereji wa kuingiza bamba na miguu miwili. Acha milimita 2 au 3 za nafasi ndani ya mfereji, kwa kuwa plastiki hutanuka na joto kuliko alumini.

Je, teknolojia halisi ya kutoonekana, ile inayopitisha mwanga kumzunguka mtu, iko wapi? Hesabu zake zilichapishwa mwaka 2006, na John Pendry wa Imperial College London pamoja na David Schurig na David R. Smith wa Chuo Kikuu cha Duke, na kwa njia tofauti na Ulf Leonhardt mwaka huohuo. Oktoba 2006 timu ya Duke ilionyesha kifaa chenyewe: pete zilizopangwa moja ndani ya nyingine, zimejaa vipande vidogo vya shaba, zikificha silinda ya shaba. Kilijificha kwa mawimbi ya maikro ya gigahezi 8.5, si kwa mwanga wa macho. Urefu wa wimbi hilo ni takriban milimita 35, kwa hiyo vipande vya milimita chache vilitosha. Mwanga wa kijani una urefu wa nanomita 550 hivi. Vipande vyake lazima viwe vidogo kuliko hapo mara kadhaa, na mtu mzima angehitaji idadi ya vipande isiyotengenezeka. Metali nazo zinaumeza mwanga huo badala ya kuupitisha.

Kuna kikwazo kigumu zaidi ya kiwanda. Mwanga unaozunguka kitu unasafiri njia ndefu kuliko ule unaopita moja kwa moja, lakini lazima utoke upande wa pili kana kwamba haukuchelewa. Kwa rangi moja, yaani masafa yaleyale bila kubadilika, mawimbi yanaweza kupangwa yakalingana. Kwa rangi zote kwa pamoja hayakubali, kwa kuwa hapo taarifa yenyewe ingelazimika kusafiri kasi kuliko mwanga. Ndiyo maana kila kifaa cha aina hii kina masafa yake machache, na kikitoka nje ya hapo kinaonekana, pengine kuliko kitu chenyewe kilichofichwa. Mwaka 2015 watafiti wa Berkeley, Marekani, walionyesha ngozi ya unene wa nanomita 80 iliyoficha kitu kisichofika unene wa unywele, kwa mwanga mwekundu wa nanomita 730. Kazi ya kupendeza sana, ila kwa rangi hiyo. Na aliyefichwa kikamilifu ndani ya kifaa cha namna hii naye haoni chochote, kwa sababu mwanga wote unampita.

Matumizi yenye maana yako kwenye mawimbi marefu: redio, sauti, hata mtikisiko wa ardhi. Mwaka 2012 karibu na Grenoble, Ufaransa, wahandisi walichimba safu za mashimo yenye kina cha mita 5 na kuonyesha kwamba mawimbi ya ardhini ya hezi 50 yanarudishwa na safu hizo. Kwa watu wanaoishi ukingoni mwa Bonde la Ufa hilo ni jambo la kufuatilia kwa karibu, ingawa mawimbi ya tetemeko lenyewe ni ya masafa ya chini zaidi na yatadai mashimo au nguzo kubwa kuliko hizo.

Turudi kwenye kitu unachoweza kukijenga. Mwaka 2014 John Howell na Joseph Choi wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliweka hadharani mpangilio wa lenzi nne za kawaida ambao unaficha kitu kwa rangi zote, hata mtazamaji akisogea kidogo pembeni. Hapa ndipo hela ya shule inapostahili kwenda. Unahitaji lenzi mbili mbinuko za urefu wa fokasi f1 (umbali kutoka lenzi hadi mahali picha ya kitu cha mbali inapokuwa kali) na mbili za f2, kipenyo kimoja, milimita 50 zikipatikana. Wao walitumia milimita 200 na 75. Mpangilio ni f1, f2, f2, f1. Umbali kati ya ya kwanza na ya pili, na kati ya ya tatu na ya nne, ni f1 + f2, yaani 275. Umbali wa katikati, kati ya f2 mbili, ni 2 × f2 × (f1 + f2) ÷ (f1 − f2), yaani 330. Jumla milimita 880. Mfereji wa alumini wa mita 1 unatosha kuwa reli, na vipande vya bomba la plastiki la inchi 2 vinashika lenzi. Vituo vya lenzi zote viwe urefu mmoja, tofauti isizidi milimita 1.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kifurushi. Pima mwenyewe: simama mbele ya dirisha linalotazama Meru au Kibo, elekeza lenzi mlimani, sogeza karatasi nyeupe nyuma yake mpaka picha ya mlima iwe kali, kisha pima kutoka lenzi hadi karatasi. Inaleta tofauti kubwa kuliko unavyofikiri. Kama lenzi ya "200" ni 195 na ya "75" ni 78, umbali wa kwanza ni 273, karibu uleule, lakini wa katikati unaruka kutoka 330 hadi 364. Vikundi vingi vya wanafunzi vikikwama, huwa vimekwama hapo, na lawama hupewa lenzi.

Lenzi za akromati, zile za vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, ndizo zinazofaa. Upande uliobinuka zaidi wa f1 utazame nje, na wa f2 utazame katikati. Lenzi za kioo kimoja ni nafuu sana na zinafundisha jambo lilelile, ila picha inakuwa na kingo za rangi za upinde wa mvua. Uliza pia kama zina utando wa kuzuia mng'ao. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Nyuso nane zinakuachia kama asilimia 72. Kwenye chumba cha giza inakera.

Kupima kama umepatia, weka karatasi ya mistari nyuma ya reli na kamera ya simu mita 2 na nusu mbele, ikiwa imevuta picha karibu. Mistari ndani ya lenzi iungane na mistari ya nje. Mlima wa mbali ukiwa sawa lakini karatasi ya karibu imekua au imepungua, kosa liko kwenye umbali wa katikati. Hata mlima ukiwa na ukungu, rekebisha 275 zako kwanza. Picha ikiwa kichwa chini, umeweka lenzi mbili tu.

Sehemu ya kujificha ina umbo la pete, nje ya mstari wa katikati. Pitisha rula kutoka pembeni, milimita 200 hadi 220 kutoka lenzi ya mbele, mahali mwanga unaokwenda kwenye kamera umebanwa kuwa uzi. Rula inakatika na mistari nyuma yake inabaki mizima. Ikivuka kituo, picha yote inazimika. Wanafunzi waachwe waivushe makusudi. Hapo ndipo wanapoelewa mwanga ulikuwa unapita wapi.

Wazo hilo la kuondoa kizuizi machoni lina kazi ya kweli barabarani. Nguzo ya mbele ya gari yenye upana wa sentimita 8, sentimita 70 kutoka jichoni, inalificha jicho moja mita 2.3 kwa umbali wa mita 20: bodaboda nzima. Macho mawili yakishirikiana, sehemu isiyoonekana na jicho lolote inashuka hadi karibu nusu mita, ambayo bado inatosha kumficha mtoto anayevuka. Toyota wana hataza ya Marekani ya kupitisha mwanga kuzunguka nguzo hiyo kwa vioo. Mpaka itakapofika kwenye magari, dereva asogeze kichwa mbele na nyuma kabla ya kukata kona.

Shule isiyo na hela ya lenzi ianze na mafuta ya alizeti na bika za maabara. Kioo cha borosilikati na mafuta ya alizeti vinaupinda mwanga karibu sawasawa, kipimo chao kikiwa takriban 1.47. Weka bika ya mililita 50 ndani ya ya 250, jaza mafuta ndogo kwanza mpaka yafurike na kuizunguka. Inapotea, yanabaki maandishi yake meupe yakielea. Glasi ya kunywea haipotei, kwa kuwa kipimo chake ni karibu 1.52. Ukiona kingo hafifu asubuhi ya baridi, pasha mafuta kidogo: kipimo chake hushuka kwa takriban 0.0004 kila nyuzi 1 ya joto. Mapovu yaache yapande yenyewe, usikoroge.

Ukiagiza lenzi, dai kwa maandishi urefu wa fokasi, kipenyo, na kama ni za akromati. Ukiagiza ngao, dai pembe ya kutawanya na aina ya plastiki; muuzaji asiyejibu hayo mawili, mwache. Zikifika, lenzi zikae kwenye boksi lenye kifuniko, mbali na dirisha. Lenzi ya milimita 50 yenye fokasi ya 75 ikiachwa juani mezani inaweza kuwasha daftari.